SANDUKU LA FUNDI: Redio ndogo ya dijitali, vijana wanaitaka au tunawalazimisha?

Haya wadau, mwezi huu sanduku limejaa redio tupu. Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu redio ndogo za DAB ninazozikuta kwenye maduka ya mitumba hapa Uingereza, hizi za dijitali za kubeba mkononi, nikasema zimejaa rafuni sababu vijana hawazitaki. Sikujua kama nachokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, nimechagua sita na baadhi nimezikata maana kuna watu wanaandika kama wanaandika wosia, mnisamehe.

*Fundi habari za kazi. Binti yangu katimiza miaka 15 mwezi wa tatu, nikamnunulia karedio ka DAB pauni 40, rangi anayoipenda kabisa, nikajua hapa nimepatia. Akasema asante mama, akakapiga picha, na toka siku hiyo kako kwenye droo ya jikoni na mishumaa ya bethdei na betri zilizokufa. Baba yake ananicheka mpaka leo. Niambie ukweli, hivi vitu vina nafasi kwa watoto wa sa hivi au nimetupa hela?*
*– Mama wa wawili, Reading*

Dada, pole, na mwambie shemeji acheke taratibu maana hata kampuni kubwa zimepigwa na kitu hicho hicho kilichokupiga wewe. Mtoto tayari ana kitu mkononi. Wewe umemletea kitu cha pili cha kuchaji, cha pili cha kubeba, cha pili cha kupoteza kwenye basi, afu hujamwambia anapata nini humo ambacho kwenye simu hakuna. Yeye kapiga hesabu yake kimya kimya akakiweka droo.

Hii vita ilipiganwa mfukoni, na redio ya dijitali ilipigwa zamani. Mwaka 2016 LG walitoa simu inaitwa Stylus 2, ndani imewekwa DAB+ kabisa, yaani DAB toleo jipya, unasikiliza redio ya dijitali bila bando. Watu wa redio wakashangilia, wakasema sasa tumeingia mfukoni kwa kijana. Mwaka huo huo Apple wakatoa iPhone 7 na tundu la hedifoni wameliziba. Sasa ukiwa mtu wa redio unajua hapo kimeharibika nini, maana redio ya kwenye simu antena yake ni ule waya wa hedifoni, simu nyingi hazina antena nyingine humo ndani, ukiondoa waya umeondoa antena. Kampuni nyingi zikafuata njia ya Apple, na LG wenyewe 2021 wakafunga biashara ya simu. Kwa hiyo redio ya dijitali ikabaki nje ya mfuko ule mmoja uliokuwa na maana, ikabidi ije kwa binti yako kama kidubwana cha kujitegemea.

Na kidubwana chenyewe kilianza na sifa mbaya ya kula betri. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye National ya baba, ina kava la ngozi lenye matundu upande wa spika, betri zikianza kuchoka mama anazianika juu ya bati, jioni ukizirudisha redio inaongea tena kwa sauti ya mgonjwa anayepata nafuu. Ile ilikuwa redio ya kuunga unga na inaungika, maana kazi yake ni ndogo, inafuata wimbi moja basi. DAB ni kompyuta ndogo. Inavuta kipande kizima cha masafa chenye stesheni kibao zimekorogwa pamoja, inachambua, inasahihisha makosa, ndo inakutolea ile moja unayoitaka. Za mwanzoni zilikuwa zinanyonya seti ya betri mpaka unajiuliza kuna mtu anaziiba usiku. Za sasa chipu zake zina nafuu kubwa lakini ile sifa imeshaenea.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. DAB ilianza hewani hapa Uingereza Septemba 1995, BBC ndo walioanza. Miaka saba ikapita karibu hakuna anayeisikiliza, redio zenyewe bei ya kununulia pikipiki mbovu, na stesheni nyingi ni zile zile unazozipata kwenye redio ya kawaida. Kilichobadilisha ni 2002. Mwaka huo kampuni ya Pure ikatoa redio inaitwa Evoke-1 kwa pauni 99, na mwaka huo huo BBC wakaanzisha stesheni ambazo FM hazipo kabisa, 6 Music mwezi Machi, 1Xtra ya muziki wa watu weusi mwezi Agosti. Hapo ndo watu wakaanza kwenda dukani. Mtu alikuwa anatafuta stesheni, redio ilikuwa mlango tu wa kuingilia. Na 2010 BBC walipotaka kuifunga 6 Music ili kubana matumizi wasikilizaji waliwaka, wakaandika, wakaandamana, stesheni ikabaki mpaka leo. We umeshasikia mtu kaandamana kutetea chombo? Watu wanatetea kilicho ndani.

Kwa hiyo dada fanya hivi. Toa hako karedio kwenye droo, kachaji, tafuta 1Xtra au chochote chenye mziki anaoupenda kiweke namba moja kwenye zile batani za kukumbuka, afu usiseme kitu. Usimhubirie kuhusu enzi zako. Kaweke bafuni.

Nasema bafuni kwa sababu nimeona kwa macho. Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, kipindi cha mitihani walimnyang'anya simu kuanzia saa mbili usiku, wiki ya kwanza ilikuwa msiba. Wiki ya pili nikaenda pale nikakuta redio ya jikoni imehamia bafuni, imefungwa kamba ya kiatu kwenye bomba la shawa, kioo chote mvuke, yeye anaimba humo ndani anabishana na mtangazaji. Mitihani ikaisha simu ikarudi, redio haikurudi jikoni. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia anko, hii hainitumii meseji. Basi. Mtoto anayeulizwa na simu kila dakika anataka nini anajisikiaje ruka hii au hii, siku akikaa na kitu kisichomuuliza chochote anapumzika. Si kila mtoto, na si kutwa nzima. Ila hapo ndo penye upenyo na mi sioni mwingine mkubwa kuliko huo.

*Mambo bro fundi. Kariakoo kuna viredio vidogo vina kioo kinaonyesha namba, vinaingiza memori kadi na flashi, muuzaji anasema ni dijitali. Ndo hizo hizo za Ulaya? Na mjomba anarudi toka London mwezi ujao nimwambie aniletee DAB?*
*– Kijana wa Kimara, Dar*

Poa mdogo wangu. Hapana, na tena hapana.

Ile namba kwenye kioo ni uso tu. Wimbi linaloingia ni FM ile ile ya siku zote. Dijitali ya DAB ni pale mnara wenyewe unaporusha namba hewani, kama ilivokuwa kwenye TV zetu 31 Desemba 2012 pale Dar mitambo ya analojia ilipozimwa na watu wakakimbilia ving'amuzi. Redio haikuguswa, tukabaki na FM zetu. Kwa hiyo mjomba akikuletea DAB ukaiwasha Kimara upande wa DAB, huenda itatafuta weee irudi na sifuri. Nyingi zina FM humo humo kwa hiyo haitakuwa bubu, ila utakuwa umemla mjomba kilo za begi kwa kitu ambacho hata kiswaswadu chako kinafanya. Mwambie akuletee viatu.

Lakini swali lako limenigusa sehemu nyingine. Hivo viredio vya Kariakoo unavyovidharau, angalia nani anavinunua. Nikija likizo naviona kijiweni kwa bodaboda, gereji, saluni, kwa mlinzi wa usiku, na wengi wa hao ni vijana wadogo kabisa. Hawavinunui kama redio. Wananunua spika. Ina flashi, ina memori kadi, ina Bluetooth, nyingine ina tochi na kasola juu, na FM imo humo humo imejificha kama chumvi kwenye mboga. Asubuhi flashi inacheza, saa ya magazeti inahamia FM, mechi ikianza inabaki FM, mechi ikiisha flashi tena. Hakuna mtu aliyekaa akajiuliza kama redio bado ina umuhimu kwa kijana.

Watengenezaji wa Ulaya nao wengi sa hivi wameanza kufanya hivo, DAB ndani ya spika ya Bluetooth, ila walichelewa, miaka mingi walituuzia sanduku la mbao lililotengenezwa lifanane na redio ya babu. Ukimuuzia kijana kumbukumbu za babu ambazo hana unategemea nini?

Afu kuna bando. Kusikiliza redio mtandaoni kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 57.6 kwa saa. Masaa manne ni MB 230 zimeenda. FM ni bure na DAB huku pia ni bure, ukishanunua chombo umemaliza. Kijana mwenye bando la kuunga unga hesabu hiyo anaijua kuliko mimi, ndo maana kwenye simu za Tecno na Itel ile FM inatumika kweli kweli.

*Fundi, mimi ni nesi huku Bergen. Norway walizima FM za taifa 2017, wakaanza jimbo la Nordland mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa kumi na mbili nchi nzima kimya. Tukanunua redio mpya kila mtu. Sasa wanangu, wa miaka 17 na 13, FM hawaijui kabisa lakini DAB nayo hawaigusi. Hii kuzima ilimsaidia nani?*
*– Mama Bergen*

Dada yangu ilimsaidia mhasibu. Sikebehi, ni kweli, Norway ni milima na fyodi, zile ghuba nyembamba kati ya milima, kupandisha minara miwili miwili kila mlima mmoja wa FM mwingine wa DAB ni kuchoma hela, wakachagua mmoja. Na kwa uchache walipata kitu, kwenye FM walikuwa na stesheni tano za taifa, kwenye DAB zikazidi 20. Redio nyingi ndogo za mitaa zikaachwa zibaki FM.

Ila walichotegemea wengine kwamba ukizima FM basi vijana watakuja DAB, hicho hakijatokea na hakitatokea. Kuzima kunahamisha msikilizaji aliyepo, tena njiani wengine wanadondoka. Norway usikilizaji wa kila siku ulishuka mwanzoni. Uswisi shirika lao la umma SRG lilizima FM mwisho wa 2024, redio za binafsi zikabaki, basi SRG wakapoteza wasikilizaji, watu wakawa wanasikiliza hizo za binafsi na stesheni za ng'ambo ya mpaka zilizobaki FM. Mtu mzima huyo mwenye tabia ya redio tangu utoto, na bado amekimbia. Sembuse wa miaka 13 ambaye hata hakuwepo kwenye foleni.

Nikuulize na mimi, wanao ukiwa nao kwenye gari mnasikiliza nini? Maana sheria ya Ulaya imelazimisha toka mwisho wa 2020 gari jipya lenye redio liwe linapokea dijitali. Vijana wengi DAB yao wanaisikilizia siti ya nyuma kwenye gari la mzazi bila hata kujua inaitwa DAB. Mpaka siku wanapochomeka simu kwenye dashibodi, hapo dereva unakuwa umepinduliwa.

*Wanangu hamjambo. Mimi ni mstaafu, naishi Tanga. Nasoma gazeti lenu kwa simu ya mjukuu. Nyinyi mnazungumza redio za kushika mkononi kila mtu na yake. Redio yetu ilikuwa moja mtaani, tunakaa barazani watu kumi na tano, taarifa ya habari hakuna anayekohoa. Hiyo ya kila mtu na sikio lake siyo redio, ni simu iliyovaa kanzu. Vijana wamepotea.*
*– Mzee wa Ngamiani*

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya simu iliyovaa kanzu nimeicheka peke yangu kwenye treni watu wakaniangalia.

Nakubaliana nawe nusu. Kweli redio ndogo ndo ilianza kututawanya, transista ilipoingia kila mtu akaondoka barazani na yake. Ila vijana kupotea, hapo mzee nakukatalia kwa adabu. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika Hispania na Ureno karibu nchi nzima, mchana kweupe, taa za barabarani zimekufa, treni zimesimama, na baada ya masaa mitandao ya simu nayo ikaanza kuzima. Unajua kilitokea nini? Madukani watu walipanga foleni ya redio za betri mpaka zikaisha. Na barabarani mtu mwenye redio aliiweka dirishani au anafungua milango ya gari, watu wasiojuana wamemzunguka, wamo vijana wenye simu za mamilioni zimelala mfukoni kama kipande cha kigae. Baraza lako lile lile mzee, hakuna anayekohoa.

Ila nisikudanganye, redio nyingi zilizofanya kazi siku ile zilikuwa za FM za kizamani, siyo DAB. Kwa hiyo hapo redio ya dijitali haiwezi kujisifu kwa mbio alizokimbia mwenzake. Ingawa DAB mnara ukiwa na jenereta na wewe una betri inafanya kazi vile vile, kasoro ile njaa yake ya betri niliyoisema juu.

Mjukuu msalimie, na mwambie asante kwa kukuazima simu.

*Yo Fundi, nina 19, niko Birmingham, mama Mkongo wa Bukavu baba wa Kigoma. Mi na washkaji wanne tunapiga singeli, amapiano, rumba tunachanganya, tunastrimu kila Ijumaa tuna wasikilizaji kama 60. Jamaa mmoja anasema tuombe kwenda DAB. Mi naona DAB ni ya wazee wa jikoni. Kuna maana?*
*– DJ wa stoo*

Mdogo wangu barua yako ndo nimeipenda kuliko zote, usiwaambie wengine.

Nianze na historia fupi maana nyie mnadhani mambo yameanza jana. Mji kama London FM ilijaa zamani, nafasi hakuna, ndo maana vijana weusi na wenzao walikuwa wanapanda juu ya maghorofa usiku na transmita kwenye begi kurusha redio za kuiba, zisizo na leseni. Kiss ilianza hivo 1985, ikaja kurusha kihalali 1990. Rinse ilianza 1994 kama ya kuiba, hapo ndo grime, ile rap ya vijana wa London, ilipolelewa, leseni ikaja 2010. Hao ni vijana walikuwa wanakimbizana na askari ili tu wawe redioni. Hakuna aliyewabembeleza kwamba redio ina umuhimu.

Sasa cheki mzunguko ulivo mchezo, Desemba 2024 wenye Kiss waliiondoa FM kabisa, ikabaki dijitali, na ile nafasi ya FM wakapewa stesheni nyingine ya kampuni hiyo hiyo. Yaani stesheni ya vijana ndo iliyotolewa FM ikaenda kwenye DAB na mtandaoni. Hesabu yao ni kwamba kijana hajali wimbi gani, popote alipo ataitafuta.

DAB inavyofanya kazi fikiria hivi. FM kila stesheni ina bajaji yake. DAB ni daladala moja, wanaiita multiplex, inabeba abiria kumi, kumi na tano, ishirini, wote wanapanda kwenye kipande kimoja cha masafa. Gharama ya mafuta mnagawana. Ila konda akitamani hela anabana siti, kila stesheni inapewa kilobiti kidogo, na hapa Uingereza walibana kweli, kwenye DAB ya zamani utakuta stesheni ya mziki inarusha mono, spika zako mbili zinaimba kitu kimoja. DAB+ imepunguza hiyo shida sababu inakunja sauti vizuri zaidi, kilobiti chache sauti inasikika safi.

Zamani kukaa kwenye daladala la jiji ilikuwa ni nauli ya kampuni kubwa tu. Ndo 2012 fundi mmoja wa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huku kama TCRA ya kwetu, akafanya jaribio kule Brighton na kompyuta ya kawaida na programu za bure akaonyesha multiplex ndogo inaweza kusimama kwa hela ndogo sana. 2015 wakajaribu miji kumi. Leseni zikaanza kutolewa 2021. Hizi zinaitwa DAB ndogo, eneo dogo, mji au kipande cha mji, na wanaoingia humo wengi ni redio za jamii, za makanisa, za Wasomali, za Wanigeria, na zile zilizokuwa za kuiba zikaamua kuvaa tai.

Kwa hiyo jibu langu. Mkienda kwa ajili ya kijana wa miaka 19 kama wewe, msiende, yuko kwenye simu na nyie mko huko tayari. Lakini jiulize nani hayuko kwenye hizo 60. Mama yako. Dereva wa teksi Mkongo anayekesha, kinyozi, mama anayesuka jikoni kwake kuanzia asubuhi mpaka usiku na kiredio juu ya friji. Hao wakikuta rumba na singeli wakiwa wanazungusha kitufe tu wataganda hapo, na mtoto aliyekaa chini anasukwa kichwa kimeshikwa hawezi kukimbia, atasikiliza masaa matatu apende asipende. Hivo ndo redio inavyompata kijana. Haimfuati, inamkuta amekaa.

Mahesabu sasa. Mnahitaji leseni yenu kutoka Ofcom, nafasi kwenye multiplex ya mji wenu ambayo mnalipa kwa mwezi mnapatana na mwenye nayo, na haki za muziki, mnawalipa PRS na PPL wanaokusanya hela za watunzi na za waliorekodi, hapo usikwepe maana wanakuja. Nendeni mkaongee na mwenye multiplex kabla ya kitu kingine chochote, muulize kilobiti ngapi anawapa na ni DAB+ au ya zamani. Akiwaambia mono mwambie asante mnaenda kufikiria. Na hela ya mwaka mzima iwe imekaa mahali, siyo ya mwezi mmoja, maana nimeshuhudia vijana wamezindua kwa keki na fulana afu mwezi wa nne kimya.

Na mtangaze kwa Kiswahili. Cha Bukavu na cha Kigoma vigongane humo humo, watu watapiga simu kubishana tu.

*Fundi, karedio kangu ka DAB kakiwa sebuleni kanagugumia kama uji unachemka, na kibaya zaidi siku ya mechi jirani ana redio ya FM anashangilia goli mi bado naambiwa mpira uko kati. Nikarudishe dukani?*
*– Mshabiki, Coventry*

Usikarudishe, hakana kosa. Hiyo sauti ya uji ndo tabia ya DAB ikipata wimbi dhaifu. FM ikidhoofika inakoroma taratibu unaendelea kusikia, DAB inapambana inapambana afu inadondoka kama mtu aliyeteleza ngazi. Vuta antena mpaka mwisho, isimamishe wima, kapeleke dirishani mbali na ruta na chaja ya simu, afu fanya kutafuta stesheni upya kwenye menyu. Kama unasikilizia hedifoni kwenye hivi vya mfukoni waya uachie unyooke maana ndo antena, ukiukunja ndani ya koti umejiziba mwenyewe.

Na kabla hujalaumu mawimbi angalia betri. Mimi nilinunua kamoja kenye betri ya ndani, kampuni siitaji, nikawa nakalaani miezi miwili kwamba hakashiki mawimbi, siku nimekafungua mgongo nikakuta betri imevimba kama andazi imeusukuma waya wa antena umechomoka. Ukiona mgongo wa redio umetuna zima na usichaji tena.

Kuchelewa goli hakuna dawa. Sauti inakunjwa kule mnarani inakunjuliwa huku kwako, sekunde kadhaa zimeshaenda, hata ile milio ya pip pip ya saa ya BBC kwenye DAB inagonga imechelewa. Na wa mtandaoni ndo yuko nyuma kabisa, huyo anaweza kuchelewa nusu dakika, goli lako yeye atalikuta limeshasherehekewa na mtaa mzima. Hako karedio kako tazama kitufe cha pembeni, kuna uwezekano mkubwa kana FM. Siku ya mechi bonyeza hapo, ulingane na jirani.